Kukaa duara au kukaa na mshauri wawili tu: kumchagulia mraibu njia ya kupona hapa Malindi

Wiki iliyopita mama mmoja wa Maweni alinishika mkono nje ya duka la dawa, akanivuta mpaka tukaegemea ukuta. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "hivi nimpeleke kwenye yale magrupu ya kukaa duara, ama nimtafutie mtu wa kukaa naye wawili tu? Mie sitaki mambo ya nyumbani kwangu yanirudie kwa mdomo wa dereva wa tuktuk."

Nilimjibu mbiombio kwa kuwa jua lilikuwa kali na sote tulikuwa na safari zetu, na nikaona usoni mwake kwamba hakutosheka. Swali lake ni la haki. Nimeulizwa na wengi, na kila mara naona anayeuliza amekwisha jilaumu vya kutosha, hahitaji tena kuzungushwa. Kwa hiyo nimekaa niliandike jibu lote.

Mdogo wangu wa kiume alitumia unga, yaani heroini, miaka minane. Kila mlango nitakaoutaja hapa ameupita, mingine mara mbili, nami nilikuwa nyuma yake nimebeba mkoba. Mimi si daktari. Leo nakaa kwenye kikundi cha jamaa za waraibu, na nimesoma kila kilichonifikia mkononi kuhusu mambo haya kwa sababu wakati ule hakuna aliyenieleza kwa lugha ninayoielewa.

Mwili kwanza

Hapa ndipo familia nyingi tunapokosea: tunaanza kuchagua mahali pa kuzungumza kabla mtu hajaweza kuzungumza. Aliye kwenye arosto, mwili unadai unga, pua inachuruzika, mifupa inamvunjika, tumbo limefunguka, hasikii nasaha ya mtu mmoja wala ya kumi. Ukimketisha kwenye duara siku hiyo unamtesa bure, na atakayoyakumbuka ni mateso.

Kwa unga, dawa ipo. Methadone imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Kenya ilifungua kliniki yake ya kwanza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi ikawa miongoni mwa miji iliyofuata, 2015. Wasioijua hudhani ni sindano. Ni kioevu cha kunywa. Mgonjwa hufika dirishani, hutambuliwa, hupimiwa kiasi chake kwenye kikombe kidogo, akanywa mbele ya mhudumu, kisha akanywa maji na kutamka neno au mawili ili ijulikane amemeza. Mdogo wangu alikuwa akisema "Ahsante, dada." Nilikuwa nikisimama nje ya uzio, na kila nikiisikia ile "ahsante dada" nilijua siku hiyo hatakwenda maskani, kule wanakovutia, asubuhi.

Wapo watakaokwambia kwamba hiyo ni unga wa serikali, kwamba mraibu wa kweli huacha vyote kwa mara moja akaingia kikundini akiwa mkavu. Naomba usiwasikilize. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2017, uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, ulikuta kwamba kwa kila watu 1,000 walio kwenye methadone hufa 11.3 kwa mwaka, na kwa waliotoka kwenye dawa hiyo hufa 36.1. Wiki 4 za kwanza baada ya kuiacha ndizo za hatari zaidi. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: mwili ukikaa bila unga husahau kuuhimili. Anayetoka rihabu baada ya miezi mitatu akarudi kwenye kipimo chake cha zamani, kile kile kilichokuwa kikimtoa arosto tu, leo kinamzimisha pumzi. Mtaani kwetu tumemzika kijana wa namna hiyo, na alikuwa ndiyo kwanza amesifiwa kwa kupona.

Pombe na bugizi, vile vidonge vya usingizi, ni habari nyingine, na hii naiweka hapa kwa haraka kwa sababu inaua. Anayekunywa kila siku, awe wa mnazi au wa chupa, na anayemeza vidonge vya usingizi kwa wingi, asikatishwe ghafla nyumbani. Kifafa na kuweweseka vinaweza kumwondoa. Apelekwe hospitali ashushwe taratibu. Duara litamngoja.

Magrupu si grupu moja

Yule mama aliposema "magrupu" alikuwa amechanganya vitu viwili vyenye sura moja. Ukipita nje utaona watu wameketi duara, wanazungumza. Ndani tofauti ni kubwa.

Kuna kikundi cha tiba. Hiki kina kiongozi aliyesomea kazi hiyo, kaunsela au muuguzi wa afya ya akili, na kwa kawaida wanachama 6 hadi 12, wanaokutana siku ileile, saa ileile, kwa saa moja au moja na nusu. Na kuna mkutano wa wenyewe kwa wenyewe, mfano NA (Narcotics Anonymous) ya watu wa dawa za kulevya na AA (Alcoholics Anonymous) ya pombe, ambako hakuna kaunsela, hakuna faili, hakuna anayelipwa. Ukimpeleka mtu kwenye kimoja ukitarajia cha pili, atarudi amevunjika moyo na atakwambia "grupu halinifai," kumbe hajafika.

Tiba ya kikundi haikuanzia kwa waraibu. Mwaka 1905 huko Boston, Marekani, daktari Joseph Pratt aliwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu kila wiki ili awafundishe wote pamoja namna ya kujitunza, kwa kuwa mmoja mmoja asingewamaliza. Akaona jambo ambalo hakulipanga: wakikaa pamoja walitiana moyo, na wenye nafuu wakawa ushahidi kwa waliokata tamaa. Mpaka leo nguvu ya kikundi ni hiyohiyo. Mshauri anaweza kukwambia kwamba watu hupona, nawe ukamkubalia kwa adabu. Lakini ukiketi karibu na mtu uliyekuwa ukilala naye kwenye boma lile lile bovu, leo kavaa shati safi na anazungumzia karo ya mwanawe, huna namna ya kukana unachokiona.

Tena kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku za mwanzo mdogo wangu aliruhusu jamaa tuhudhurie kikao kimoja. Viti vya plastiki, feni inalia juu, birika la kahawa chungu limewekwa kwenye kigoda katikati. Kijana mmoja, mvuvi, akasema huku akiangalia vidole vyake vya miguu kwamba alimwibia mamake sufuria ya pilau akaiuza na wali ukiwa ndani. Nikajua mtu atamlaani. Mzee aliye mkabala naye akasema, "Mimi niliuza mlango. Tulilala bila mlango mwezi mzima, na mke wangu mja mzito." Basi. Hakuna aliyemwombea msamaha wala kumpa mawaidha. Yule mvuvi akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Mimi dada mtu, kwa mapenzi yangu yote, singeweza kumpa mtu kile alichopewa na yule mzee wa mlango.

Na hawadanganyiki. Sisi nyumbani mdogo wangu alitudanganya miaka: macho mekundu ni ya bahari, usingizi ni wa malaria. Kikundini alijaribu mara moja. Mwenzake akamtazama tu, akamuuliza taratibu, "Kaka, leo umevuta saa ngapi?"

Lakini kilichomsaidia zaidi, kwa maoni yangu, kilikuwa vile vikao vya kikundi vya kujifunza namna ya kuishi. Siku moja kaunsela aliwapa chaki. Kila mmoja achore kwenye sakafu ya saruji njia yake ya kila siku. Mdogo wangu akachora nyumba, msikiti, kliniki, maskani, na kibanda cha M-Pesa. Wenzake wakaichungulia wakamwambia maskani si tatizo lake kubwa, tatizo ni kile kibanda: kila alipolipwa vibarua pesa ziliingia kwenye simu yake, na kutoka kibandani hadi maskani ni hatua arobaini. Wakamtengenezea njia nyingine, anapita nyuma ya soko. Na wakaamua pesa zake zitumwe kwangu. Alirudi nyumbani akanipa namba ya mwajiri wake, nami tangu siku hiyo simu yangu ndiyo iliyokuwa ikipokea mshahara wake, kwa mwaka na miezi miwili. Ushauri huo ningempa mimi angesema namtawala. Umetoka kwa wenzake, akaubeba kama wake.

Sasa upande wa pili. Kikundi kibaya ni kibaya kuliko kutokuwa na kikundi. Kabla ya hicho nilichokieleza, tulimpeleka kwenye nyumba moja ya rihabu ambako kila jioni mtu mmoja huwekwa katikati na wengine wote humfokea makosa yake mpaka alie. Walimnyoa nywele, wakamvika bango shingoni. Wakaniambia lazima kiburi kivunjwe. Mtindo huo una historia: Synanon, iliyoanzishwa California 1958, ndiyo iliyoueneza, na ulisambaa duniani kwa sababu unaonekana kama kazi ngumu inafanyika. Aibu, hata hivyo, ndiyo iliyokuwa ikimpeleka mdogo wangu kwenye unga. Walimwongezea, na siku ya pili baada ya kutoka akavuta. Ukiona duara la namna hiyo mchukue mtu wako muondoke, hata kama mmelipa.

Viti viwili

Mshauri wa faragha ana kitu kimoja ambacho kikundi hakiwezi kumpa mtu: siri isiyotegemea watu kumi.

Wengi wanaotumia wamebeba jambo. Aliyeharibiwa utotoni na jamaa wa karibu, aliyeona mtu akifa mbele yake, aliyefanya kitu ambacho bado kinaweza kumpeleka mahakamani. Mambo hayo si ya kumwagwa mbele ya watu kumi wa Kisumu Ndogo na Barani, hata wakiwa watu wema. Mdogo wangu baada ya miezi kadhaa kikundini aliomba mwenyewe kuonana na mshauri. Alikwenda mara sita. Alichomweleza sikijui mpaka leo na sijauliza. Ninachojua ni kwamba aliacha kulala taa ikiwaka.

Mshauri mzuri haanzi na hotuba. Anauliza, ananyamaza, anamwacha mtu ajisikie mwenyewe akitaja sababu zake za kutaka kuacha. Ukisikia dakika kumi za kwanza ni hadithi za moto na kaburi, hata kama nia ni njema, hiyo ni kazi ya mimbari, na mimbari zetu zinaifanya vizuri.

Udhaifu wake ni huu: mraibu ni bingwa wa kuzungumza na mtu mmoja. Amezoea kumlainisha mama, bosi, polisi. Akiketi na kaunsela kijana saa moja kwa wiki anaweza kumpa maneno matamu mwezi mzima huku anaendelea. Tena washauri ni wachache, wa binafsi wanalipisha kwa kila kikao, na wa hospitali za umma huhamishwa ndiyo kwanza mtu kaanza kuwaamini. Saa moja ya kaunsela ikitumika kwa mtu mmoja imekwisha. Ikitumika kikundini wamehudumiwa kumi. Kwa sababu hiyo wengine huona kikundi kama dawa ya maskini. Sivyo. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili kwa uraibu zimekuta matokeo yanayokaribiana sana. Usichague, basi, kwa kudhani chumba cha watu wawili kina dawa kali zaidi.

Ila kwa wanawake nina msimamo, nao ni mkali. Mwanamke anayetumia hapa kwetu amefichwa na amejificha. Mwanamume mraibu huitwa teja. Mwanamke huitwa majina ambayo siyaandiki. Ukimpeleka kikundi mchanganyiko, huenda duarani akaketi na yule aliyekuwa akimuuzia, au akimnunua. Mwanzo wake uwe mshauri mwanamke, faraghani. Au kikundi cha wanawake peke yao, kama kipo, chenye mahali pa kulaza mtoto. Mengine baadaye.

Mkutano usio na daktari

NA ilianza California mwaka 1953, ikafuata njia ya AA iliyoanza Akron, Ohio, 1935. Sharti la kuingia ni moja, kutaka kuacha. Hulipi kiingilio, kopo hupitishwa na mwenye nacho hutia. Mtu hujitaja jina la kwanza tu. Anaposhea hakatizwi wala hajibiwi. Akimaliza wanamshukuru na anafuata mwingine. Kwa mtu aliyechoka kuhojiwa, utaratibu huo ni pumziko. Mgeni hupewa kishikio cha funguo cheupe, na rangi hubadilika kadiri anavyokaa klini, yaani bila kutumia: siku 30 cha chungwa, siku 60 kijani, siku 90 chekundu. Niliwahi kumuona baba wa miaka hamsini akikitoa cha siku 90 mfukoni mwa kikoi akakiweka kwenye kiganja cha mamake, ajuza asiyeona vizuri, akimwambia "Mama, hiki ni chekundu."

Nguvu ya mkutano ni kwamba upo mtu akishatoka kwenye tiba. Kikundi cha hospitali kina wiki zake, kinakwisha. Kaunsela saa kumi na moja jioni anafunga ofisi. Sponsa, yaani mwenzako wa mkutanoni aliyekutangulia kupona na anayekushika mkono, unampigia saa saba za usiku. Na hili si la kusadiki tu: mwaka 2020 uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki 10,565 ulikuta kwamba njia ya AA, hasa mtu akiingizwa humo kwa mpango na wataalamu, inafanya kazi sawa na tiba nyingine za kitaalamu au kuzizidi katika kumfanya mtu akae bila pombe kabisa. Angalia, ni pombe. Kwa unga peke yake, bila dawa, singemtegemezea mtu wangu hapo.

Kuna mambo mawili ya kuuliza kabla. La kwanza ni methadone. Baadhi ya vikundi vya NA humpokea anayekunywa methadone asikilize, lakini havimhesabu kuwa klini, na vingine havimpi nafasi ya kuzungumza. Kwa mji kama wetu, wenye wagonjwa wengi wa dirishani, jambo hilo linaumiza. Uliza wazi kabla hujampeleka, na kama jibu ni hilo, tafuta kikundi cha kliniki yenyewe. Usimwachishe dawa ili akubalike kwenye kiti.

La pili ni dini. Hatua 12, zile ambazo AA na NA hufuata katika kupona, zinamtaja Mungu, "kadiri tunavyomwelewa." Wazee wengine wa kwetu hulisikia hilo wakadhani ni kanisa kwa mlango wa nyuma. Nimewaona Waislamu wakizipitia hatua hizo na kutoka kwenda kuswali Maghrib pamoja. Toba, kuomba radhi uliowadhulumu, kurudisha haki ya watu: mtoto wa madrasa hayo anayajua. Na kisomo hakigombani na duara. Ugomvi unaanza pale mtu anapoambiwa atupe dawa kwa kuwa amesomewa.

Nani atajua?

Katika mji mkubwa mtu huchagua kati ya kikundi na mshauri kwa kupima bei na umbali. Malindi si Nairobi. Hapa swali la yule mama ndilo lenyewe: nani atajua? Na nasema hivi kwa kuwa limetupata. Kikundi kimoja tulichopitia, mwanachama alitoka akasimulia barazani kwamba mdogo wangu ana virusi. Hana, na hata angekuwa navyo si ya kusimuliwa. Aliacha kwenda, tukapoteza miezi minne.

Kwa hiyo, kabla hujamwingiza mtu wako, zungumza na kiongozi uso kwa uso. Muulize kikundi ni cha kufungwa, wanaoanza pamoja na kumaliza pamoja, au ni cha wazi, kila wiki sura mpya. Cha kufungwa hutunza siri vizuri zaidi. Muulize mara ya mwisho siri ilipovuja alifanya nini. Akikwambia haijawahi kuvuja, mimi ningeshuku. Akikuhadithia alichofanya, umepata mtu. Na muulize kama mtu anaruhusiwa kukaa kimya wiki za kwanza. Anapaswa kuruhusiwa.

Halafu jiulize na wewe, kwa ukweli: siri ipi hasa unailinda? Kijana aliyeuza milango na kulala sokoni, mji mzima unajua. Kumficha kikundi ni kumnyima wenzake ili kulinda heshima yetu sisi wa nyumbani. Mwalimu, muuguzi, mhudumu wa benki anayekunywa usiku chumbani peke yake, au binti wa chuo, huyo ana siri ya kweli, na ikivuja anapoteza kazi au posa. Wa kwanza ningempeleka kwenye duara mara tu dawa ikitulia mwilini. Wa pili ningempeleka kwa mshauri, na kikundi kije baadaye, ikiwezekana cha mji mwingine: watu wa Malindi huenda Kilifi au Mombasa kwa hilo, na si unafiki.

Kwa ndugu zetu wa Lamu jambo hili lina uzito zaidi. Kuanzia Mkomani mpaka Langoni ni vichochoro ambamo salamu moja inasikika nyumba nne. Wanaume wana baraza zao, na wengine huniambia, "Sisi tayari twakaa duara kila jioni." Ni kweli, na baraza limemshika mkono mtu mara nyingi. Ila baraza halina mlango. Linalosemwa pale Alasiri liko Shela kabla ya Isha. Mtu wa Lamu aanzie hospitali ya King Fahd kuuliza huduma zilizopo kisiwani, maana methadone ni ya kila siku, na hakuna awezaye kupanda boti hadi Mokowe na basi hadi Malindi kila alfajiri. Akiamua kuja huku, jamaa wampangie pa kukaa. Na kwa asiyetaka kuonekana akiingia mlango wowote, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu ya bure, 1192. Hapo hakuna anayemjua babake.

Huzuni bila unga

Baadhi yenu mnaouliza kuhusu vikundi hamna mraibu. Mna mtu asiyeamka kitandani. Kwa sonona, hasa kwa akina mama, mimi huegemea kikundi moja kwa moja, na sababu iko jirani. Mwaka 2002, vijiji 30 vya kusini magharibi mwa Uganda, watafiti hawakwenda na majina ya kizungu. Waliuliza watu wanaitaje hali hiyo, wakaambiwa kwa Kiluganda: yo'kwekyawa na okwekubagiza, kujichukia na kujihurumia. Wakaunda vikundi vya jinsia moja, vinavyoongozwa na watu wa hapohapo waliofunzwa kwa wiki mbili, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, bila dawa. Kabla, asilimia 86 ya waliopangiwa vikundi walikuwa na sonona. Baada ya hapo asilimia 6.5. Vijiji visivyopata vikundi vilitoka 94 vikafika 54.7. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa njia hiyo, 2016, uliofupishwa kuwa vikao 8.

Nikisoma hayo nafikiria wanawake wa kwetu na chama cha kuweka na kutoa. Tayari wanakutana, tayari wanaaminiana kwa pesa. Kinachokosekana ni mtu aliyefunzwa na ruhusa ya kusema, "Mie najichukia."

Usimpeleke kikundini anayesikia sauti au kuona wasioonekana; keleleni atazidi. Hospitali kwanza. Na anayesema anataka kufa hangojei siku ya kikundi: usimwache peke yake, mpeleke leo.

Jana nilipita kwa yule mama. Kijana wake atakwenda kliniki Jumatatu kupimwa, na atakapotulia kwenye dozi ataingia kikundi cha palepale, cha kufungwa. Nimezungumza na kiongozi. Mama mwenyewe hataki duara la jamaa, bado. Ameomba mshauri mwanamke asiyekuwa wa mtaa wetu. Yupo mmoja anayekuja kutoka Kilifi kila Alhamisi, na nimemwahidi nitamsindikiza hadi mlangoni, kisha niende zangu sokoni mpaka amalize.